Maswali Yenu Kuhusu Chuma: Bunduki Mpya Nipake Nini Isishike Kutu?

Mvua ikianza tu barua za kutu zinajaa, na mwezi huu nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa juu aliyeuliza bado hajaharibu kitu, na huyo ndio mtu rahisi kusaidia.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mlenga shabaha, leseni yangu iko sawa, na nimeagiza bunduki ya boliti ya .308 ya kutengenezewa kupitia dila mwenye leseni hapa Nairobi. Mtutu na bodi, kile chuma boliti inateleza ndani yake, ni chuma cha kromoli (kilichochanganywa kromiamu na molibdenamu), si stenlesi, na vimekuja chuma kitupu ndio niamue mwenyewe nipake nini. Dila anasema nipige bluu kama zile za zamani. Rafiki yangu wa kulenga anasema Cerakote, ile rangi ya seramiki, na hataki kusikia ingine. Shemeji naye ako na mtu wa pauda koti Industrial Area, anapiga mageti na rimu za magari, anasema hio ndio ngumu kushinda zote na bei yake ni rahisi. Sitaki kupaka leo halafu nirudie mwakani. Nisaidie. — Mlenga shabaha, Lavington

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza kabla ya kupaka na hapo umefanya vizuri sana, wengi huniandikia kama rangi ishaanza kubanduka.

Nianze na shemeji, juu hapo ndipo unaweza kupoteza bunduki yote. Pauda koti, ile rangi ya unga ya kuokwa, ni kitu kizuri na sina ubaya nayo, geti langu mwenyewe limepigwa hio. Lakini inakaa nene, maikroni 60 mpaka 100 kwa kawaida, yaani unene wa unywele ama zaidi, na bunduki ya boliti imekatwa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Pahali boliti inateleza ndani ya bodi, kwa thredi za mtutu, kwa mashimo ya skurubu za skopu, ukiweka unene kama huo kila pande vitu havitaingiliana, na fundi wa geti akiona haviingii atachukua faili. Fikiria hapo faili kwa bodi mpya. Halafu kuna joto, ile pauda inaivishwa kwa oveni ya kama digrii 180 mpaka 200. Chuma cha mtutu hakitajali lakini springi zinaweza kulegea, na kama kuna kipande cha aluminiamu ngumu ya 7075, ile wanatumia kwa bodi za bunduki nyingi za kisasa, hio ugumu wake uliwekwa kwa joto la karibu digrii 120, sasa ukiipeleka 200 unaidhoofisha na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Na kuna jambo la sheria ambalo ni zito kuliko yote. Huwezi kubeba mtutu ama bodi ya bunduki ukamwachia mtu wa mageti jioni eti utapitia kesho. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kazi ya kukarabati silaha ni ya mtu aliyesajiliwa kama dila wa silaha, na kukabidhi silaha kwa mtu asiye na cheti ni makosa hata kama ni shemeji wa damu. Kazi yote ipitie kwa dila wako, kwa maandishi, namba ya bunduki ikiwa imeandikwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Na mwambie mapema ile namba isizibwe na rangi wala isilambwe na mchanga wa kupiga, ikae inasomeka.

Sasa bluu. Dila wako anaipenda na namuelewa, bluu nzuri juu ya chuma kilichong'arishwa ni kitu unaweza kukaa ukiangalia. Lakini ujue ni nini. Bluu si rangi, ni kutu yenyewe iliyogeuzwa ikawa ile nyeusi badala ya nyekundu, ngozi nyembamba sana ya chuma na oksijeni, maikroni moja mbili hivi. Peke yake haizuii maji, kazi yake kubwa ni kushika mafuta, na ukisahau mafuta chuma ni kama kiko uchi. Hizi za kisasa zinachemshwa kwa chumvi kali kwa joto la digrii 140 na kidogo, na ile chumvi inakula aluminiamu mpaka inaisha, na hata sehemu zilizoshikwa kwa solda ya risasi inaziachanisha. Zile chupa ndogo za bluu baridi za kupaka na pamba ni za kufichia mkwaruzo tu, usipake bunduki nzima na hio.

Kitu kilinifunza kuhusu bluu ni bunduki moja niliyoonyeshwa kitambo, imetoka tu kwa sefu, mwenyewe anasema ameitunza. Pale mkono wa kushoto hushika, juu kidogo ya mbao, kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu, unaona mpaka mistari ya ngozi ya kidole imechorwa na kutu. Alikuwa amelenga siku ya jua, akatoa jasho, akaifuta na kitambaa kikavu, akaiweka kwa ile kesi ya sponji, akafunga. Jasho ni chumvi, na sponji hushika unyevu ikaulaza juu ya chuma wiki nzima. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa kufuta na mafuta kila ukirudi, kabla hata ya chai, bluu itakuzika na wajukuu watairithi. Kama si mtu wa hivyo, na wengi wetu si watu wa hivyo, endelea kusoma.

Kuna kitu dila hakukutajia na mimi ndio naiheshimu zaidi, fosfeti. Unachemsha chuma kwa asidi ya fosforiki yenye manganizi ama zinki, chini kidogo ya joto la maji kuchemka, kinatoka cha kijivu kizito ama cheusi kisichong'aa, na ukikigusa kinakwaruza kidogo kama ubao wa chaki. Ile kukwaruza ni fuwele ndogo ndogo zimeota juu ya chuma, na hizo ndizo zinashika mafuta vizuri kuliko bluu, pia zinashika rangi. Waingereza baada ya Vita vya Pili ya Dunia walikuwa wanazirudisha Lee-Enfield zao kiwandani, ile bunduki wazee wetu wanaita maki foo, wanaziweka fosfeti chini halafu rangi nyeusi ya kuokwa juu. Ukipata moja iliyobebwa miaka mingi utaona rangi imeisha kwa kona za boliti na chini kwa mahali pa kushika, lakini pale ilipobaki chini yake chuma ni kizima. Hio fikira ya vitu viwili, kimoja kinashika chuma na kingine kinazuia dunia, mimi sijaona iliyoishinda.

Cerakote ni ndugu wa hio rangi ya juu lakini ya kisasa. Ni polimeri iliyochanganywa na seramiki, inapigwa na bunduki ya spray nyembamba, maikroni 25 hivi, kwa hivyo vipimo havivurugiki sana kama pauda. Ile ya kuokwa, wanaita mfululizo wa H, inachanganywa na hadena, kawaida sehemu 18 za rangi kwa 1 ya hadena, ukizidisha hadena inang'aa zaidi, ukipunguza inafifia. Halafu inaokwa kwa digrii 121 kwa masaa mawili. Kuna nyingine ya C isiyohitaji oveni, hio inakauka kwa hewa lakini inataka siku tano kabla ya kukomaa, na inavumilia joto kali zaidi ndio wanaipaka mahali pa moto.

Rafiki yako basi hajakosea, lakini hajakuambia yote. Cerakote inasimama ama inaanguka kwa kile kilichofanyika kabla ya rangi, na hio sehemu hakuna picha inakuonyesha. Nilikaa siku moja karakana nikiangalia. Fundi alivua kila kitu, akaosha vipande kwa asitoni, akavaa glavu, akavitundika kwa waya ndani ya oveni vikiwa bado chuma tupu, akawasha. Nikamuuliza mbona unaoka na hujapaka? Akasema ngoja. Nusu saa akafungua mlango, na pale saiti ya nyuma inakutana na mtutu, kwa ufa ambao nilikuwa nimeuangalia kwa macho yangu nikaona umekauka kabisa, kulikuwa na mstari wa mafuta unatambaa ukishuka, unang'aa kwa taa. Angepaka bila kuoka, yale mafuta yangetoka wakati rangi inaiva na pale pangebanduka mwaka wa kwanza. Akaosha tena, akarudisha tena, mara tatu mpaka hakuna kilichotoka.

Baada ya hapo ndio kupiga na mchanga, na si mchanga wa mto tafadhali. Vumbi la mchanga wa kawaida lina silika, likiingia kwa mapafu halitoki, na mafundi wetu wameumia nalo bila kujua jina la ugonjwa. Itumike alumini oksaidi ya namba 100 hivi, ndani ya kabati lililofungwa. Mashimo yanazibwa kwanza, tundu la mtutu pande zote mbili, chemba inapokaa risasi, uso wa boliti, thredi. Ndani ya mtutu hakupigwi mchanga na hakupakwi, hata tone. Na chuma kikitoka hapo ni kama jeraha bichi, usikishike na mkono mtupu na usikilaze usiku, msimu wa Aprili hapa Nairobi kesho asubuhi utakuta kishaanza wekundu. Kipakwe siku hio hio.

Maoni yangu basi, na ningekuwa ni mimi ndio ningefanya hivi: fosfeti ya manganizi kwa mtutu na bodi kama dila ana mtu anayeifanya vizuri, ioshwe na iokwe mpaka isitoe mafuta, halafu Cerakote ya H juu yake kwa sehemu za nje tu. Boliti yenyewe iache na fosfeti na mafuta, ama iache chuma kitupu kilichong'arishwa na uipake mafuta, maana inasuguana kila mara na rangi yoyote itaisha hapo na vumbi lake liingie ndani. Kama fosfeti haipatikani, Cerakote juu ya chuma kilichopigwa mchanga sawasawa inatosha, wala usione umekosa. Springi na trigga zisiingie oveni kabisa.

Kuna pia ile ya naitridi, chuma kinawekwa kwa chumvi iliyoyeyuka ya digrii zaidi ya 500 ngozi yake ikawa ngumu yenyewe, ndani na nje ya mtutu, hakuna kitu cha kubanduka. Ni nzuri sana. Lakini hio hufanywa kiwandani mtutu ukiwa umeshakatwa chemba na thredi zote, maana baada ya hapo chuma ni kigumu kukata. Ungeniuliza kabla ya kuagiza ningekuambia uiombe huko huko.

Muulize fundi maswali mawili tu kabla ya kumpa kazi: unaoka kabla ya kupaka? Na unaziba nini? Akianza kukuambia rangi ziko ngapi, shukuru na uondoke.

SWALI: Fundi shikamoo. Bastola yangu ya leseni hukaa kwa hosta ya ngozi kiunoni mchana kutwa, natembea sana kikazi. Upande mmoja tu ndio unashika kutu, ule unaogusa mwili. Ni rangi mbaya ama ni mimi? — Dada wa Upper Hill

JIBU: Marahaba dada. Rangi haina makosa sana. Ule upande unaolalia mwili unakunywa jasho kupitia ngozi, na hio ngozi yenyewe ikiwa ililainishwa kwa dawa za kawaida za kiwanda ina asidi na chumvi ndani yake zinazoamka zikipata unyevu. Kwa hivyo chuma kinapigwa pande mbili. Ukifika nyumbani hakikisha kwanza haina risasi, iangalie mwenyewe mara mbili, halafu itoe kwa hosta ilale nje ya hosta ndani ya sefu. Mafuta kidogo kwa kitambaa, pitisha upande ule na chini ya saiti ambako jasho hujificha. Ndani ya sefu weka pakiti kubwa za silika jeli na uzikaushe kila zikijaa. Na mwezi wa Julai, ukitoka nayo asubuhi ya baridi ukaingia ofisi yenye joto, chuma hutoa umande kama soda kutoka friji, hapo napo ifute.

Siku ukiwa tayari kubadilisha, tafuta hosta ya plastiki ngumu yenye ngao upande wa mwili. Kupaka upya kungoje. Kutu ile ya juu juu itoke kwanza na mafuta na sufi laini ya shaba, usitumie msasa.

SWALI: Marehemu babu aliacha bunduki ya zamani, familia imefuata taratibu zote na sasa iko kwa jina langu na cheti ninacho. Bluu yake imefifia, kuna kutu nyekundu kwa mtutu. Mtu ananiambia nipige mchanga yote nipake Cerakote iwe mpya. — Msomaji, Kikuyu

JIBU: Usifanye hivyo, nakuomba. Ukipiga mchanga umefuta alama za kiwanda, umefuta kazi ya mtu aliyeing'arisha kwa mkono, na hakuna rangi inayorudisha. Uwindaji nchini ulipigwa marufuku 1977 na bunduki nyingi za rika hilo zimelala kwa makabati tangu hapo, kwa hivyo ulicho nacho huenda hakijachoka, kimelala tu.

Kama bluu yake ni ile ya polepole ya zamani kuna njia, na ni nzuri kuitazama. Mtutu ukishatolewa na dila, unaoshwa mafuta yote, unazamishwa kwa maji safi yanayochemka, yale yaliyochujwa chumvi si ya bomba, kwa dakika kama 20. Ile kutu nyekundu inageuka nyeusi mbele ya macho yako, inakuwa laini kama masizi. Halafu fundi anaipitisha na brashi laini ya nyaya, masizi yanatoka, na chini yake kunabaki weusi ule ule wa bluu, maana kikemia ni kitu kimoja. Mashimo yaliyoliwa na kutu hayatajazika, yatabaki, lakini yatakuwa meusi na yamelala. Mafuta juu yake basi, kila mwezi.

Na kitako cha mbao, kama kimekauka, mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kidogo sana, unasugua na kiganja mpaka mbao ipate joto la mkono, unaacha siku, unarudia. Vitambaa ulivyotumia usivikunje kwa pipa, yale mafuta yakikauka hutoa joto yenyewe na vitambaa vilivyorundikwa vimewahi kushika moto. Vitandaze nje.

SWALI: Fundi mimi sina bunduki, nina geti. Welda amemaliza juzi, anataka kupaka redi oksaidi leo jioni na glosi kesho. Nimkubalie? Geti la kwanza lilishika kutu kwa miaka miwili tu. — Mama Njeri, Utawala

JIBU: Mama, mwambie angoje kwanza. Chuma cha duka huja na ngozi ya rangi ya bluu nyeusi kutoka kiwandani, inang'aa kidogo, watu hudhani ndio chuma chenyewe. Ile ngozi hupasuka na kubanduka na inaenda na rangi yako juu yake. Pitisha kucha ama kisu pembeni mwa geti uone kama inatoka magamba. Ikitoka, igrindiwe ama ipigwe mchanga mpaka chuma iwe ya kijivu pande zote, na pale alipochomelea apige nyundo atoe lile gamba la weldi na atoe na vile vitone vilivyorukaruka, maana rangi haishiki juu yake. Halafu apanguse na thina kwa kitambaa safi, abadilishe kitambaa kikichafuka.

Praima badala ya redi oksaidi ya kawaida mwombe ile yenye zinki nyingi, zinki hukubali kuliwa kwanza kabla ya chuma kwa hivyo hata geti likikwaruzwa na gari inaendelea kulinda. Makoti mawili, akiacha koti la kwanza likauke vile mkebe umeandika. Lakini la maana zaidi kwa geti la Utawala ni chini. Mwambie atoboe mashimo chini ya zile paipu za mraba maji ya ndani yatoke, na alilaze geti juu ya vitofali wakati wa kupaka ndio ule upande wa chini unaokaa kwa matope upate rangi pia, juu geti likishasimama hakuna brashi itafika huko. Geti lako la kwanza lilianzia kuoza hapo chini, sivyo? Geti likishalala, chukua simu umulike upande huo kabla hujamlipa.